Tumbo la Bomba

Mhandisi aliondoka na deni langu la miezi mitano,
akaniachia kwadi: magurudumu manne, mipigo miwili,
kiti kimechanwa na paka,
bomba la moshi limeoza hadi unaona mchana ndani yake.
"Uza," mama alisema.
Mimi nilikuwa nahesabu bidoni. Nane kwa safari moja,
nikifunga tela, kutoka ziwani hadi Mabanga.

Tsongo ana garaji Katindo,
kama turubai na sanduku moja ni garaji.
Alisema nina mabomba matatu ya kuchagua.

La kwanza linang'aa. Limetoka Dubai kupitia Kampala,
lina chata ya radi na bei ya mbuzi wawili.
Niligonga kwa ukucha, likalia kama sufuria tupu.
La pili fupi, nene kiunoni, la pikipiki ya mashindano;
mdogo wangu Ndungo alilikumbatia kabla sijauliza.
"Dada, hii ikishika, inaruka!"
La tatu halikuwepo. Lilikuwa bati, mkasi,
na chaki nyuma ya sikio la Tsongo.

Nikasema nieleze, mimi ni mpishi.
Akavuta uzi kutoka tundu la silinda.
"Injini hii haina vali. Inapotoa moshi,
chakula chake kibichi nacho kinataka kutoroka.
Ndiyo sababu bomba lina tumbo.
Pumzi inakimbia, inafika panapobana,
inagonga, inarudi,
inasukuma esansi ndani kabla pistoni haijaziba.
Fupi, inarudi upesi: nguvu iko juu, kwenye kelele.
Refu, inachelewa: nguvu iko chini,
pale una mzigo na mawe yanakutazama.
Weye unapandaka, ao unakimbiaka?"

Ndungo akajibu kwa niaba yangu.
Akalifunga lile nene kwa waya, akakanyaga.
Haki ya Mungu, lilikuwa na sauti nzuri.
Kisha akaachia mkono ghafla, na bomba likapasua hewa:
pa! pa-pa!

Muuza mikate alikuwa chini kabla beseni halijafika chini.
Mtoto wa shule, nyuma ya ukuta wa mawe meusi,
daftari kichwani.
Bwana mmoja wa suti amelalia kifua kwenye vumbi la lava
kama mtu anayejua kipimo chake.
Barabara nzima imelala, isipokuwa mbuzi.

Halafu mtu akacheka, wote wakacheka, wakajipangusa.
Yule mama akaokota mkate mmoja mmoja,
akipuliza, akihesabu,
akikosea, akianza upya.
Nilinunua kumi na mmoja. Hatukuwa na njaa.

Mimi hutoka saa kumi alfajiri.
Napita madirisha thelathini na mawili.
Nyuma ya moja, jirani yangu Kanyere
bado analala na viatu miguuni.

"Kata bati," nikamwambia Tsongo. "Refu.
Na mwishoni weka kopo la kuzima sauti,
lijaze pamba ya kioo
hadi injini iongee kama mtu aliye msibani."

Siku nne. Koni juu ya koni,
mishono ya moto kama ya gunia la maharage.
Tulibadilisha jigleri, tukafungua bujhi kuitazama:
rangi ya kahawa iliyoona maziwa kidogo.
"Inakula vizuri," Tsongo akasema,
akaongeza dola tano juu ya bei tuliyopatana.

Sasa inapanda na bidoni nane, ikinung'unika.
Ndungo anasema nimenunua kinu cha kusaga kimya.
Labda. Mshono wa pili umeshaanza kutu.

Lakini nikishuka, bidoni tupu zikigongana,
pale kwenye lava ambapo hakuna aliyejenga,
naipa gesi kidogo.
Kidogo tu.
Pumzi inatoka, inagonga, inarudi.